Kanu, mabao 44, na kwa nini baba yako hakosei

"Shikamoo kocha. Mimi ni kijana wa miaka 21, niko Tanga. Naishabikia Arsenal kwa sababu baba anaishabikia, na baba aliianza kwa ajili ya Nwankwo Kanu. Tukibishana nyumbani kuhusu washambuliaji wa Afrika, akishamtaja Kanu anaona mjadala umefungwa. Nikaamua kutafuta takwimu. Arsenal alicheza karibu mechi 200, mabao 44. Mohamed Salah alifikisha mabao 44 Liverpool kwa msimu mmoja, 2017/18. Timu ya taifa ya Nigeria, kuanzia 1994 hadi 2010, Kanu ana mabao 12 tu. Nieleze kitaalamu: umaarufu wote ule ulitoka wapi? Na mchezaji wa namna yake angepata namba leo?"

Marahaba, mwanangu. Takwimu zako ziko sawa na nakupongeza kwa kuzitafuta. Ila umezisoma kama unavyomsoma mmaliziaji. Ukimpima hivyo Salah, sawa. Ukimpima hivyo Rashidi Yekini, aliyeifungia Nigeria mabao 37, sawa pia. Kanu hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alikuwa mshambuliaji wa pili: anashuka kwenye nafasi iliyopo kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, anapokea mpira goli likiwa mgongoni kwake, anautuliza, anangoja wenzake wafike, ndipo anaamua. Halafu pale Arsenal karibu nusu ya mechi zake za ligi aliingia akitokea benchi, mara nyingi zikiwa zimebaki dakika 20 au 15. Bao la mtu wa dakika 15 huwezi kulihesabu sawa na bao la mtu wa dakika 90.

Hiyo ni sehemu rahisi ya jibu. Ngumu ni kueleza kwa nini mtu wa mabao machache apendwe hivyo na watu ambao hawajawahi kukanyaga Nigeria wala London. Nimefundisha washambuliaji wa timu za vijana kwa miaka mingi, na nikitakiwa kuchagua neno moja la Kanu nachagua utulivu. Kiswahili kimetusaidia hapa: mpira hutulizwa, mtu hutulia, neno ni lilelile. Kanu alitulia pale ambapo kila mtu uwanjani ameshapagawa, na waliokuwa wakimtazama walijua utulivu ule ulipitia wapi kabla ya kufika Arsenal. Ndiyo maana sitaanzia Arsenal.

Alizaliwa Owerri, mashariki mwa Nigeria, tarehe 1 Agosti 1976. Nwankwo ni jina la Kiigbo, maana yake mtoto aliyezaliwa siku ya Nkwo, mojawapo ya siku nne za soko ambazo Waigbo huhesabia wiki yao. Ni kama sisi tunavyomwita mtoto Juma au Khamisi. Alipitia timu iitwayo Federation Works, kisha Iwuanyanwu Nationale ya hapohapo Owerri. Mwaka 1993 alikuwamo kwenye kikosi cha Nigeria kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Japani, fainali wakiifunga Ghana 2-1, na mwaka huohuo Ajax ya Amsterdam ikamchukua.

Ajax ile ilikuwa ya Louis van Gaal: Litmanen, Davids, Seedorf, Overmars, Kluivert, na Mnigeria mwenzake Finidi George akikimbia pembeni. Msimu wa 1994/95 hawakufungwa mechi hata moja, kwenye ligi ya Uholanzi wala kwenye Ligi ya Mabingwa. Fainali ilichezwa Vienna tarehe 24 Mei 1995 dhidi ya AC Milan. Kanu alikuwa na miaka 18. Kipindi cha pili Van Gaal akamtoa Seedorf akamwingiza yeye, na dakika ya 85 Kluivert akafunga bao pekee. Katika misimu yake mitatu Uholanzi Kanu alifunga mabao 25 ya ligi kwa mechi 54. Tia alama hapo kwenye daftari lako, kwa sababu huyo ni Kanu kabla ya kuugua: karibu bao moja kwa kila mechi mbili, na bado ni kijana anayengoja zamu yake.

Tazama pia umbo. Alikuwa na urefu wa mita 1.97. Sisi makocha tukimpata mtoto mrefu namna hiyo tunakimbilia kumfundisha kupiga kichwa, na nakiri wengi tumewaharibu watoto hivyo. Kanu alikuwa mtu mrefu mwenye miguu ya mtu mfupi. Mpira ulimganda miguuni, na miguu yenyewe ilikuwa mirefu kiasi kwamba beki akiona mpira uko wazi akanyoosha mguu, anakuta Kanu ameshauvuta upande wa pili. Haikuwa kasi. Alionekana kama anatembea.

Sasa Atlanta, 1996. Hapa ndipo Afrika nzima ilipomjua. Nigeria ilipeleka kwenye Olimpiki kikosi ambacho Kanu alikuwa nahodha wake, akiwa bado hajatimiza miaka 20, ndani yake wakiwemo Jay-Jay Okocha, Sunday Oliseh, Daniel Amokachi, Emmanuel Amuneke, Victor Ikpeba na Celestine Babayaro. Nusu fainali ilichezwa tarehe 31 Julai katika mji uitwao Athens, jimbo la Georgia, na wapinzani walikuwa Brazil yenye Dida, Aldair, Roberto Carlos, Rivaldo, Bebeto na Ronaldo. Kufika mapumziko Brazil wanaongoza 3-1. Kipindi cha pili Okocha akapiga penalti, Dida akaiokoa. Kwetu huku ilikuwa usiku, na wapo waliozima redio pale wakalala. Wakaja kusimuliwa asubuhi.

Dakika ya 78 Ikpeba akafunga, 3-2. Dakika ya 90 Okocha akarusha mpira mrefu kwa mikono kuingia langoni, ukagombewa, ukamwangukia Kanu hatua chache tu kutoka mstari wa goli, akiwa ameupa mstari huo mgongo. Dida yuko juu yake. Mtu wa kawaida pale anapiga mpira wowote, popote, kwa sehemu yoyote ya mwili. Kanu aliuinua kidogo kwa ncha ya kiatu, akageuka nao, ndipo akapiga. Miguso miwili, dakika ya 90, nusu fainali, mbele ya Brazil. Mimi huwaonyesha vijana wangu bao hilo kuliko bao lingine lolote la Mwafrika, kwa sababu linafundisha kitu ambacho huwezi kukipata kwa mazoezi ya kukimbia: kwamba sekunde moja ni ndefu kuliko unavyodhani.

Ikawa 3-3. Enzi hizo kulikuwa na bao la dhahabu, anayetangulia kufunga kwenye muda wa nyongeza anamaliza mchezo. Dakika ya 94 mpira ukamkuta Kanu tena ukingoni mwa eneo la hatari, akajipatia nafasi, akapiga, Brazil wakawa wametolewa. Siku tatu baadaye Nigeria ikaifunga Argentina 3-2, Amuneke akimalizia mwishoni kabisa, na kwa mara ya kwanza medali ya dhahabu ya soka ya Olimpiki ikaja Afrika. Mwaka ule Kanu akachaguliwa Mchezaji Bora wa Afrika.

Wakati huo alikuwa ameshasajiliwa Inter Milan. Alipopimwa na madaktari wa klabu, wakagundua vali ya moyo wake ina kasoro. Nikuelezee kidogo, maana bila hili umaarufu wake hauelezeki. Vali ya aota ni kama mlango uliopo kati ya chumba kikuu cha moyo na mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini. Moyo ukisukuma, mlango unafunguka, damu inatoka. Moyo ukilegea, mlango unajifunga ili damu isirudi. Mlango huo usipofunga vizuri, sehemu ya damu inarudi nyuma kila pigo, na moyo unalazimika kufanya kazi ya ziada mchana na usiku. Mtu anayekaa ofisini anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kujua. Mtu anayekimbia kilomita 10 kila mechi anacheza na kifo.

Wanigeria hawakuhitaji kuelezwa hatari hiyo. Tarehe 12 Agosti 1989, kwenye uwanja wa taifa Lagos, mchezaji wao Samuel Okwaraji alianguka wakati wa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Angola, moyo ukasimama, akafa. Alikuwa na miaka 25. Kwa hiyo habari za Kanu zilipotoka, nahodha aliyewaletea dhahabu juzi tu, watu walimkumbuka Okwaraji, na wapo madaktari waliosema wazi kwamba kijana huyu hatacheza tena.

Novemba 1996 alifanyiwa upasuaji Cleveland, Marekani. Ilipofika Aprili 1997 alikuwa amerudi klabuni. Inter haikumtupa, na rais wa klabu, Massimo Moratti, anastahili heshima kwa hilo. Lakini kucheza hakucheza sana. Mechi 12 za ligi na bao moja katika muda wote aliokaa Italia, medali ya Kombe la UEFA la 1998 akiwa mmoja wa kikosi, na mbele yake pale Inter alikuwa ameshafika Ronaldo. Ukimtazama kwa takwimu za mwaka 1998 ungesema huyu ameisha akiwa na miaka 22.

Mwanzoni mwa 1999 Arsène Wenger, kocha wa Arsenal, akamnunua kwa takriban pauni milioni 4. Mechi yake ya kwanza, Kombe la FA dhidi ya Sheffield United, iliingia kwenye historia kwa sababu mbaya. Sheffield waliutoa mpira nje ili mchezaji wao aliyeumia atibiwe, Arsenal wakarusha ili kuwarudishia, Kanu hakuelewa kinachoendelea, akaukimbilia akatoa krosi, Overmars akafunga. Ikaisha 2-1. Wenger mwenyewe akajitolea mechi irudiwe, ikarudiwa, ikaisha 2-1 tena. Wiki mbili England nzima inamzungumzia, na bado hajaanza kazi.

Alipoanza, alianza hasa. Mei 1999, ugenini kwa Tottenham, alimpiga beki kanzu ndani ya eneo la hatari na kufunga kabla mpira haujatulia chini. Kwa shabiki wa Arsenal, kumfanyia Tottenham hivyo ni kujiandikia hati ya nyumba. Msimu uliofuata, kwenye Kombe la UEFA dhidi ya Deportivo La Coruña, alibaki ana kwa ana na kipa Mkameruni Jacques Songo'o. Kanu akapitisha mguu juu ya mpira bila kuugusa, Songo'o akaenda upande mmoja, mpira na Kanu wakaenda upande mwingine. Lango likabaki tupu. Bao hilo huhitaji kusimuliwa na fundi wa mpira, hata bibi yangu angelielewa.

Lakini bao ambalo baba yako anaona akifumba macho nina hakika ni la Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea.

Tarehe yenyewe Mtanzania hawezi kuisahau: Jumamosi, 23 Oktoba 1999. Siku hiyo tulikuwa tunamzika Mwalimu Nyerere kule Butiama. Nchi ilikuwa kwenye maombolezo, mtu hakuwa na moyo wa kwenda kwenye kibanda umiza. Mimi niliiona mechi ile siku kadhaa baadaye, tumebanana mbele ya televisheni ya jirani, tayari tumeshasikia matokeo na bado hatuamini. Kwa hiyo kumbukumbu yangu ya bao hilo imechanganyika na msiba, na sidhani ni mimi peke yangu.

Chelsea walikuwa hawajaruhusu bao nyumbani kwenye ligi msimu ule. Wanaongoza 2-0, mvua inanyesha, zimebaki dakika 15. Dakika ya 75 Kanu akafunga. Dakika ya 83 akafunga tena. Muda wa kawaida ukiwa umeisha, beki Albert Ferrer akataka kuosha mpira upande wa kushoto wa shambulizi la Arsenal, Kanu akauzuia kwa mguu ule mrefu, ukabaki kwake karibu na chaki. Kipa Ed de Goey, mtu mkubwa mwenyewe, akatoka golini kumfuata. Kanu akampita. Sasa mfikirie alipo: karibu kabisa na mstari wa mwisho wa uwanja, pembe imeisha, na golini wamerudi mabeki wawili, Marcel Desailly na Frank Leboeuf, wote mabingwa wa dunia wa mwaka mmoja nyuma. Katikati kuna wenzake wanaomba pasi. Kitabu chochote cha ukocha, changu kikiwemo, kinasema toa pasi. Kanu aliinua kichwa, akatazama, akauzungusha mpira ukapita juu ya mabeki wale na kuingia kwenye pembe ambayo ilikuwa haipo. 3-2. Dakika 15, mabao matatu, mtu aliyeambiwa miaka mitatu kabla kwamba moyo wake hauwezi mpira. Mwisho wa mwaka akachaguliwa tena Mchezaji Bora wa Afrika.

Sasa unaweza kuona kilichotokea huku kwetu. Miaka ileile dishi za satelaiti zilikuwa zinaingia mitaani, vibanda umiza vinafunguliwa kila kona, na kwa mara ya kwanza kijana wa Tanga, Mombasa au Bujumbura aliweza kuifuata timu moja ya Ulaya wiki hadi wiki badala ya kusoma matokeo gazetini. Weah tulimjua, Abedi Pele tulimjua, lakini wengi wetu tuliwajua kwa sifa na vipande vya picha. Kanu tulimwona akiingia dakika ya 70, tukamwona akikosa, tukamwona wiki inayofuata. Na majirani zetu wa Kenya jina lenyewe walikuwa nalo mdomoni tangu uhuru, kwa kuwa chama tawala kiliitwa KANU. Arsenal ya Afrika Mashariki ilijengwa na watu wengi, Henry na Vieira wakiwa mbele, lakini nikiwauliza mashabiki wa rika la baba yako walianzia wapi, wengi hunijibu jina moja.

Nisikufiche upande wa pili, maana umeomba utaalamu. Henry alifika Agosti 1999 na Bergkamp alikuwepo, kwa hiyo nafasi ambayo Kanu aliitaka ilikuwa na mwenyewe. Wiltord naye akaja mwaka uliofuata. Alitwaa ubingwa na Kombe la FA mwaka 2002, Kombe la FA tena 2003, na msimu wa 2003/04 ambao Arsenal hawakufungwa kwenye ligi yeye alicheza mechi 10 tu za ligi. Hata hivyo, hebu angalia: Ajax ya 1994/95 na Arsenal ya 2003/04, vikosi viwili vilivyomaliza ligi bila kufungwa katika nchi mbili tofauti, na Kanu yumo kote.

Kwa timu ya taifa deni ni kubwa zaidi. Alienda Kombe la Dunia mara tatu, 1998, 2002 na 2010, na hakufunga. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2000, nyumbani Lagos, Nigeria na Kameruni zilitoka 2-2, na kwenye mikwaju ya penalti Kanu akakosa wake. Kombe hilo hakulipata hadi anastaafu timu ya taifa mwaka 2010. Wanigeria wengine wanamlaumu kwa hayo mpaka leo, na siwezi kusema hawana hoja. Na Novemba 2004, akiwa West Bromwich Albion, alikosa bao dhidi ya Middlesbrough akiwa karibu na mstari kiasi kwamba picha zile bado zinazungushwa kila watu wakitafuta mabao ya aibu yaliyokoswa.

Lakini West Brom ileile, iliyokuwa mkiani siku ya Krismasi, ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, jambo ambalo halijawahi kufanywa kabla yao na timu iliyokuwa ya mwisho Krismasi tangu Ligi Kuu ianzishwe. Oktoba 2005 akaifunga Arsenal yenyewe, West Brom wakashinda 2-1. Mwaka 2006 Portsmouth wakamchukua bila ada. Ana miaka 30, magoti yamechoka, wengi waliona ni usajili wa huruma. Siku ya kwanza akaingia kutoka benchi akafunga mawili dhidi ya Blackburn, na msimu ukaisha yeye ndiye mfungaji bora wa klabu.

Aprili 2008, nusu fainali ya Kombe la FA Wembley dhidi ya West Brom, timu yake ya zamani, mchezo uliisha 1-0, mfungaji Kanu. Tarehe 17 Mei 2008, fainali dhidi ya Cardiff City. Dakika ya 37 Mnigeria mwenzake John Utaka akapiga krosi ya chini kutoka kulia, mpira ukamponyoka kipa, ukamkuta Kanu. Mguso mmoja, 1-0, ikaisha hivyo. Portsmouth walikuwa hawajalichukua kombe hilo tangu 1939. Bao lenyewe ni jepesi, mtoto angefunga. Ila nakuomba utazame alikuwa amesimama wapi sekunde tatu kabla ya krosi kupigwa.

Sasa turudi kwenye moyo, kwa sababu nadhani hapo ndipo baba yako amesimama ingawa hakukueleza. Mwaka 2000, akiwa kwenye kilele cha jina lake, Kanu alianzisha Kanu Heart Foundation. Kazi yake ni kuwagharimia upasuaji wa moyo watoto wa Kiafrika ambao wazazi wao hawana uwezo. Kwa kuwa upasuaji huo ulikuwa haupatikani kirahisi Nigeria, watoto walipelekwa nje, India ikiwa mojawapo, na mpaka leo wanahesabiwa kwa mamia. Wachezaji wengi hufungua mifuko ya hisani, wengine kwa picha tu. Huyu alichagua ugonjwa wake mwenyewe na akaendelea nao zaidi ya miaka 20. Mimi nimeona wazazi hapa kwetu wenye mtoto wa moyo, nimeona wanavyohesabu hela kila jioni. Siwezi kuandika kuhusu umaarufu wa Kanu nikaishia kwenye mabao.

Swali lako la pili: leo angepata namba?

Kwanza, moyo. Vipimo vya leo ni vikali zaidi, hasa Italia. Christian Eriksen, Mdenmark aliyekuwa mchezaji wa Inter, alipoanguka uwanjani Juni 2021 akawekewa kifaa cha kuushtua moyo, Inter hiyohiyo ililazimika kuachana naye kwa kuwa kanuni za huko hazimruhusu mchezaji mwenye kifaa kile, naye akaenda kucheza Brentford. Tatizo la Kanu lilikuwa jingine na lilirekebishwa kwa upasuaji, hivyo naamini mlango usingefungwa Ulaya nzima.

Pili, mbio. Timu za leo zinawataka washambuliaji wawakabe mabeki tangu mpira uko kwa kipa, na Kanu hakuwa mtu wa kukimbiza watu dakika 90. Hapo angeteseka. Lakini presha hiyohiyo ndiyo inayomrudisha: ukibanwa nyuma na huna pa kutokea, unahitaji mtu mbele wa kumpigia mpira mrefu, autulize akiwa na beki mgongoni, aulinde sekunde tatu mpaka wenzake watoke. Makocha wanalipa pesa nyingi sana kutafuta mtu huyo, na wengi wanaompata ana kifua tu, miguu hana. Kanu angekuwa na vyote. Ningempa dakika 30 za mwisho wikendi na dakika 90 kwenye mechi za makombe, na viungo wawili wenye mapafu ya kukimbia kwa niaba yake.

Mkikaa na baba yako, wekeni bao la tatu la Chelsea, msimamishe picha pale Kanu anapoinua kichwa baada ya kumpita kipa. Hesabuni pamoja waliopo kati yake na goli, halafu mwachie yeye abonyeze iendelee.